Laisini ya kuku ina bei, ya mtoto haina

Mfugaji wa Tanzania anayechanganya chakula cha kuku mwenyewe hahitaji kuelezwa laisini, moja ya vijenzi vya protini, ni nini. Huikuta kwenye duka la pembejeo ikipimwa kwa kilo, chengachenga za rangi ya kahawia iliyofifia, kando ya methionini, chokaa na mifupa iliyosagwa. Muulize muuzaji ina kazi gani, atakujibu papo hapo: mahindi na pumba peke yake havikuzi broila. Ni kweli. Basi mahindi hayohayo yakikobolewa na kusagwa ndiyo uji wa mtoto wa miezi minane nyumba ya pili, na huko hakuna anayeuliza habari ya laisini.

Hindi lina protini, kama asilimia 9 au 10 ya punje. Tatizo ni aina ya protini hiyo. Zaidi ya nusu yake ni zeini, ambayo karibu haina kabisa laisini na triptofani, amino asidi mbili, yaani vijenzi vya protini, ambazo mwili wetu hauwezi kuzitengeneza. Fundi mwenye vitambaa vya mashati kumi na vifungo vya mashati manne atamaliza mashati manne. Laisini ndiyo vifungo. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, katika kipimo chake cha 2013, inataka miligramu 57 za laisini katika kila gramu ya protini anayokula mtoto wa miezi 6 hadi miaka 3. Mahindi ya kawaida hutoa kama 20 au kupita kidogo.

Mwaka 1964 Edwin Mertz, Lynn Bates na Oliver Nelson wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza kwamba mahindi yenye jeni iitwayo opaque-2 yana laisini karibu mara mbili ya hiyo. Jeni hiyo haiongezi protini. Inapunguza zeini, na protini nyingine zinachukua nafasi. Shangwe zilikuwa kubwa, kisha punje zikafika shambani: laini kama chaki, nyepesi kwenye mizani, zinaoza zikiwa bado gunzini, na fukusi wanazipenda kupita kiasi. Wakulima walizikataa, na mimi siwalaumu.

Kilichoiokoa kazi hiyo ni subira ya watu wawili katika CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano huko Mexico: Surinder Vasal, mzalishaji mbegu kutoka India, na Evangelina Villegas, mkemia wa Mexico. Punje zilipangwa juu ya kioo chenye taa chini yake. Punje ngumu hupitisha mwanga, ya chaki hubaki giza. Walikuwa wakitafuta zile za katikati, zilizoanza kurudisha ugumu, kisha maabara inapima kama laisini na triptofani bado zimo. Msimu baada ya msimu, miaka kwa miaka, bila kuhamisha jeni kutoka kiumbe kingine. Mwaka 2000 walipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Mbegu zilizotokana na kazi hiyo zilipewa majina ya kina mama. Ghana waliita yao Obatanpa, mama anyonyeshaye vema. Uganda, Longe 5 wakulima waliibandika jina la Nalongo, mama wa mapacha. Sisi tukaziita Lishe, jina la afisa kilimo hilo, halina utani wowote.

Je, zinasaidia? Uchambuzi wa 2010 uliojumlisha majaribio ya nchi kadhaa ulikuta watoto wenye utapiamlo wa kiwango cha chini au cha kati waliokula mahindi haya waliongezeka uzito kwa kasi ya asilimia 12 zaidi, na urefu asilimia 9. Si haba kwa kitu ambacho mama hakubadilisha chochote jikoni ili akipate. Lakini wapinzani wana hoja nzito pia. Hata mahindi lishe hufika kama miligramu 40 tu, hayagusi ile 57. Maharage yana laisini tele, na aliyebuni makande aliijua hesabu hii kwa ulimi wake kabla ya maabara. Kwa nini basi tuhangaike miaka thelathini na punje, badala ya kushusha bei ya maharage na dagaa?

Hoja hiyo nilikuwa naishikilia mwenyewe. Imelegea mkononi mwangu kwa sababu ya jiko. Maharage yanataka saa nyingi za mkaa, mtoto wa miezi minane hatafuni makande, na tumbo lake dogo linajaa uji ambao sehemu kubwa ni maji. Hata hivyo siendi upande wa pili mzimamzima. Ekwado, yai moja kwa siku lilipunguza sana udumavu katika utafiti wa 2017. Jaribio kama hilo lilipofanyika Mangochi, Malawi, kando ya ziwa, urefu wa watoto haukubadilika. Wengi wao walikuwa tayari wanakula samaki. Vifungo humfaa fundi aliyeishiwa vifungo. Kupeleka mahindi lishe kwa walaji dagaa ni kupoteza mbegu.

Kikwazo kikubwa zaidi nakiona sokoni. Laisini haionekani. Pishi la Lishe na pishi la mahindi ya kawaida yanafanana, bei moja, ugali mmoja. Jeni yenyewe ni dhaifu mbele ya ya jirani: chavua ya shamba la pili ikiangukia ndevu za mahindi yako, punje hiyo inazaliwa ya kawaida. Chavua ya mahindi ni nzito, madhara mengi huishia mistari ya pembeni, ila kwa mwenye nusu eka karibu mistari yote ni ya pembeni. Obatanpa ilienea kwa sababu ilizaa vizuri. Ubora wa protini yake ulidandia tu safari hiyo.

Tazama walikolenga waliotumia uhandisi jeni. Soya iliyowekewa protini ya njugu za Brazil yenye methionini nyingi, amino asidi nyingine, ilikusudiwa mifugo, ikaachwa baada ya utafiti wa 1996 kuonyesha imebeba na mzio wa njugu hizo. Mahindi LY038 ya kampuni ya mbegu ya Monsanto, yenye jeni ya bakteria ya kuongeza laisini, nayo yalikuwa ya mifugo. Maombi yake Ulaya yaliondolewa 2009. Hawakuwa wakatili. Kiwanda cha chakula cha kuku hupima laisini na kuilipia, mama wa mtoto hana kipimo.

Kwa hiyo fedha za utafiti ningeziacha ziendelee, kwa sharti mbegu isizidiwe mavuno na mbegu ya kawaida. Na ningeanza na wanunuzi wa mahindi ya shule. Wao tayari wanachoma kipima unyevu kwenye gunia, usizidi asilimia 13.5, na wanakataa lenye sumukuvu. Triptofani hupimwa maabara kwa kuangalia rangi, na ikijulikana hiyo, laisini inakadiriwa. Waandike kiwango chake kwenye zabuni, na senti chache juu ya kilo kwa atakayekifikisha.