Losheni bila kihifadhi: woga wa parabeni umetupeleka wapi

"Haina kemikali." "Haina parabeni." Maneno haya yameenea kwenye makopo ya losheni na krimu zinazotengenezwa na wajasiriamali wadogo, na wateja wanayapenda. Sishangai. Tumeona nyuso zilizoharibiwa na mkorogo. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, zimeumiza watu wetu kweli, na vipodozi vyenye zebaki vimebanwa hata na mkataba wa kimataifa wa zebaki, ule wa Minamata wa 2013. Mama aliyeshuhudia hayo, akasoma jina refu la kikemia kwenye kopo na kulirudisha rafuni, ana sababu.

Lakini woga huo umehamia kwenye kitu chenye kazi tofauti kabisa: parabeni, ambazo ni kundi la vihifadhi. Zebaki hutiwa ili ibadili ngozi. Kihifadhi hutiwa ili bakteria na kuvu wasizaliane ndani ya kopo. Losheni nyingi ni maji kwa zaidi ya nusu, na penye maji, mafuta na joto kama letu, bakteria hawahitaji mwaliko. Pseudomonas aeruginosa, mmoja wa wanaopatikana mara kwa mara kwenye vipodozi vilivyoharibika, huweza kuleta madhara makubwa machoni, kwenye majeraha ya moto na kwa watoto wachanga. Na kopo linaweza kuwa limejaa bakteria kabla harufu wala rangi haijabadilika.

Tutazame ushahidi ulioitia parabeni doa. Mwaka 2004, Philippa Darbre wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, na wenzake walichapisha vipimo vya vivimbe 20 vya saratani ya matiti. Walikuta parabeni kwa wastani wa nanogramu 20.6 katika kila gramu ya tishu. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Habari ikasambaa duniani kwamba losheni na deodoranti zinaleta saratani. Ila utafiti ule haukupima tishu ya matiti yasiyo na saratani ili kulinganisha. Haukuonyesha parabeni zile zilitoka wapi, na parabeni hutiwa pia kwenye dawa na vyakula. Zilionekana hata kwenye sampuli tupu za maabara, zisizo na tishu yoyote. Watafiti wenyewe hawakudai kwamba ndizo zilizoleta ugonjwa. Ni kweli parabeni huiga homoni ya estrojeni. Lakini katika vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 1998, butilparabeni, yenye nguvu kuliko wenzake waliopimwa pamoja naye, ilikuwa dhaifu mara 10,000 hivi kuliko estradioli, homoni ambayo mwili wa mwanamke huitengeneza wenyewe.

Vivimbe 20, bila kulinganishwa na chochote. Naing'ang'ania idadi hii kwa sababu sehemu kubwa ya biashara ya "haina parabeni" imejengwa juu yake, na kwa sababu matokeo yake yaliumiza watu. Wateja walipoanza kukimbia, viwanda vikatafuta mbadala. Mmoja ulikuwa methiliisothiazolinoni, kwa kifupi MI, iliyoruhusiwa Ulaya kutumika peke yake mwaka 2005. Haikuchukua muda kliniki za ngozi zikaanza kupokea watu wenye ukurutu usoni na mikononi, wakiwemo wazazi waliotumia vitambaa nyevu vya kufutia watoto. Mwaka 2013, chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kiliitangaza MI kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Mwaka 2017, Umoja wa Ulaya ukaikataza kwenye bidhaa zinazopakwa na kuachwa mwilini. Chama kilekile, mwaka 2019, kilizitangaza parabeni kuwa kitu cha mwaka kisicho na mzio, kwa jinsi zinavyousababisha kwa nadra.

Watetezi wa vitu vya asili hutukumbusha bibi zetu. Nawakubalia, ila tuwakumbuke vizuri. Bibi wa Unguja aliyesugua liwa kwenye jiwe na kuichanganya na marashi ya waridi aliitengeneza ya kutumia siku ileile. Mafuta yake ya nazi hayakuwa na maji. Hakutia maji ya mshubiri kwenye kopo akaliacha dukani miezi sita katika joto la Mombasa au Dar es Salaam. Aliishi bila kihifadhi kwa sababu hakuwa na cha kuhifadhi, na sisi tumechukua viungo vyake tukaacha utaratibu wake. Vivyo hivyo mwani: sabuni ya kipande wanayotengeneza wanawake wa Paje, Unguja, ina maji machache na pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 au 10 hivi, mazingira ambayo bakteria wengi hawayawezi. Anayetoka kwenye sabuni hiyo kwenda kwenye losheni ya mwani ameingia kemia nyingine.

Wengi huziba pengo kwa vitamini E. Hiyo huyakinga mafuta yasiharibike kwa hewa, bakteria haiwagusi. Wengine hununua dondoo ya mbegu za balungi. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walipima dondoo sita za aina hiyo zilizokuwa sokoni. Tano zilizuia vijidudu, na zote tano zilikutwa na kihifadhi cha kiwandani, benzethoniamu kloridi. Tatu kati yake zilikuwa pia na triklosani na methilparabeni. Ile moja isiyo na kihifadhi haikuzuia kitu.

Wapinzani wa parabeni wana hoja nzito pia: parabeni hazifanani. Mwaka 2011 Denmark ilikataza propilparabeni na butilparabeni kwenye bidhaa za watoto wa chini ya miaka mitatu. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliondoa parabeni tano zilizokosa taarifa za kutosha za usalama, ukashusha kiwango cha propili na butili hadi asilimia 0.14, huku methili na ethili zikibaki 0.4. Isitoshe, mtu hupaka bidhaa kadhaa kwa siku, na mtengenezaji asiye na mizani nzuri anaweza kuzidisha. Haya yote nayakubali. Yanadai kuchagua na kupima, kazi ambayo ina mwenyewe.

Mwenyewe ni mkemia wa vipodozi, na kwetu kijana anayehitimu kemia ni nadra kuiwazia kazi hiyo. Ndiye anayejua kwamba sodiamu benzoeti, kihifadhi kingine, hufanya kazi vizuri pH ikiwa chini ya 5 hivi, na kwamba kwenye losheni ya pH 7 ni kuipoteza bure. Ndiye anayeichukua losheni, akaitia kwa makusudi Pseudomonas, Staphylococcus aureus, E. coli na kuvu, kisha akawahesabu siku ya 7, ya 14 na ya 28 aone kama wanakufa. Ulaya, sheria ya mwaka 2009 inataka kila kipodozi kiwe na ripoti ya usalama ya mtu aliyesomea famasia, sumu, udaktari au fani inayokaribia hizo. Kwetu kanuni zipo: TBS, shirika la viwango la Tanzania, ilichukua usimamizi wa vipodozi nchini humo mwaka 2019, Kenya ina shirika lake, KEBS, na kiwango cha Afrika Mashariki EAS 377 kina sehemu nzima ya vihifadhi vinavyoruhusiwa. Kinachokosekana ni mtaalamu ambaye karakana ya watu wanne inaweza kumudu gharama zake. Vyuo vikuu vina maabara za vijidudu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wangeweza kuwafanyia vikundi kipimo hicho cha siku 28, chini ya mwalimu, kwa bei ya vifaa tu.

Mpaka hilo lifanyike, kikundi kisicho na uwezo wa kupima kibaki kwenye sabuni za vipande, mafuta na siagi zisizo na maji, kiziweke kwenye makopo makavu, na kimwambie mteja asichote kwa vidole vilivyolowa.