Baharini majirani, ziwani ndugu

Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara walielea wamekufa katika Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga, upande wa Uganda. Mialoni watu walisema ni sumu. Wataalamu wa serikali walipima maji wakasema ni oksijeni: dhoruba zililivuruga ziwa, maji ya chini yasiyo na hewa yakapanda juu, na sangara huwa wa kwanza kulemewa hewa ikipungua.

Tukio hilo hunijia kila ninaposikia kwamba kama Uganda ingekuwa na utaratibu wa kusoma DNA za ziwani, jibu lingepatikana siku ile ile. Lisingepatikana. DNA haipimi oksijeni. Kazi moja ya maana ingeweza kuifanya, nayo ni kuondoa shaka ya ugonjwa. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kuwa virusi vya TiLV, vinavyoshambulia tilapia, vimeonekana katika samaki wa Ziwa Victoria, wa kufugwa na wa porini, na walivigundua kwa kipimo cha vinasaba. Kwa macho matupu wasingeviona. Kwa hiyo simo miongoni mwa wanaosema mashine hizi za kusoma DNA ni michezo ya wenye pesa. Ila nadhani wanaosema hivyo wana hoja moja ambayo hawajawahi kuulizwa vizuri.

Hoja ya wanaozitaka mashine inajulikana, na ina wasemaji wazuri kuliko mimi. Samaki, konokono, chura, kila kiumbe cha majini huacha nyuma yake ute, kinyesi na chembe za ngozi. Chota maji, yapitishe kwenye kichujio, toa DNA iliyonaswa, isome, kisha ulinganishe na orodha ya viumbe vinavyojulikana. Mwaka 2008 watafiti nchini Ufaransa walimtambua hivyo chura vamizi kutoka Marekani kwa maji ya bwawa peke yake. Mwaka 2012 wenzao wa Denmark walichota maji ya bahari, nusu lita kila chupa, wakapata alama za samaki wa aina 15. Hakuna wavu uliotupwa wala samaki aliyeuawa. Jirani zetu wa Kenya wameshuhudia mbinu hiyo hiyo ikitumika kusaka vimelea vya kichocho majini, na hilo kwa watoto wa mwambao wa Ziwa Albert si jambo la kusoma kwenye majarida tu. Watu na vifaa pia tunavyo. Maabara ya UVRI, taasisi ya Uganda ya utafiti wa virusi, pale Entebbe ilisoma jenomu (DNA au RNA yote ya kiumbe) za virusi vya korona wakati wa janga lile, ikathibitisha Ebola ya aina iitwayo Sudan mwezi Septemba 2022. Kuna mashine ya kusomea inayoenea kiganjani, inayochomekwa kwenye kompyuta ya kawaida. Asemaye Mwafrika hawezi kazi hii amechelewa.

Sasa upande wa pili, ambao kwenye semina huitwa upande wa wasioelewa.

Nilikuwa kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Victoria upande wa Buikwe, mukene, yaani dagaa, umeanikwa hadi karibu na barabara, vijana wawili wa utafiti wakisukuma maji kwenye kichujio kwa pampu ya mkono. Mzee mmoja mwenye mtumbwi alisimama akawatazama kwa muda.

“Mwanangu, hiyo chupa itakwambia sangara ana urefu gani?”

“Hapana, mzee. Itatuambia kwamba yupo.”

“Kwamba yupo najua. Nimemla asubuhi.”

Watu walicheka, na kijana akacheka pia, lakini swali lilikuwa la kitaalamu kuliko jibu. Sheria ya uvuvi wa sangara Uganda inahusu urefu: aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Mwaka 2017 wanajeshi walipelekwa ziwani kwa sababu ya sentimita hizo. Mitumbwi imechomwa, nyavu zimechomwa, watu wamefungwa. Na DNA ya sangara wa sentimita 20 ni ile ile ya sangara wa mita moja. Maji hayasemi umri, hayasemi kama jike ana mayai, hayasemi kama samaki alikuwa mzima au amekufa jana. Wingi huukisia tu, tena kwa wasiwasi mkubwa, maana DNA huoza haraka kwenye maji ya joto na jua kali, na mkondo huibeba hadi mahali ambapo samaki mwenyewe hajawahi kufika.

Pia hubebwa kutoka mahali ambapo samaki ameliwa. Mfereji wa Nakivubo huzoa maji machafu ya Kampala na kuyamwaga Ghuba ya Murchison, si mbali na Ggaba, panapochotwa maji ya kunywa ya mji huo huo. Katika nchi nyingine, wanaochota maji karibu na mikondo ya majitaka wamekuta DNA ya samaki wa baharini mtoni, kwa sababu mjini watu hula samaki wa baharini. Mwenye kuchota chupa yake Ggaba asishangae basi akikuta samaki wa kopo ameingia kwenye orodha ya wanyama wa Ziwa Victoria. Mtaalamu makini atamtoa kwenye orodha. Lakini angekuwa sato, ambaye ziwani yumo kweli, angejuaje kama ametoka ziwani au jikoni?

Hayo yote, hata hivyo, wataalamu wa DNA wenyewe huyasema. Linalonisumbua mimi ni jingine, na linamhusu nkejje.

Nkejje ni wale samaki wadogo ambao Mwanza huwaita furu na Wajaluo huwaita fulu. Hapa Buganda mtoto mwenye surua alipewa mchuzi wake, na jina moja humaliza wote. Kwa mwanasayansi ni kundi la aina zipatazo 500, za ziwa hili na hazipatikani kwingine. Ziwa lenyewe lilikuwa limekauka yapata miaka 15,000 iliyopita. Ukigawanya hivi hivi, hesabu ya juujuu, unapata aina mpya kila baada ya miaka 30. Mzee wa mtumbwi aliyevua maisha yake yote angekuwa ameona mbili zikizaliwa. Bila shaka haikuendelea kwa mpangilio huo, lakini kasi yenyewe ndiyo iliyowafanya wataalamu wa dunia nzima wasafiri hadi hapa.

Kasi hiyo hiyo ndiyo inayoivunja chupa. DNA husomwa kama mfuatano wa herufi. Mwaka 1990 watafiti walisoma hadi herufi 803 za DNA ya mitokondria, sehemu ndogo ya seli yenye DNA yake yenyewe, kutoka kwa aina 14 za nkejje wa Victoria, wa jenasi tisa tofauti: mla konokono, mla samaki, mla mwani, wenye meno na taya zisizofanana hata kidogo. Walikuta kwamba tofauti kati ya samaki hao wote ni ndogo kuliko tofauti zilizopo kati ya binadamu. Isome tena sentensi hiyo. Mimi na jirani yangu wa Masaka tunaweza kutofautiana kwa herufi nyingi zaidi kuliko nkejje mla samaki na nkejje mla mwani. Baadaye walipopimwa samaki wengi zaidi, ilionekana kuwa aina nyingi hutumia kabisa mfuatano ule ule wa herufi.

Sasa kumbuka kinachosomwa kwenye chupa. DNA inayoelea majini imekatikakatika, kwa hiyo kipande kinachotumiwa sana kwa samaki kina urefu wa herufi kama 170 tu, nacho hutoka katika hiyo hiyo mitokondria. Ikiwa herufi 803 ziliwatenganisha kwa shida, 170 zitafanya nini? Zitasema “nkejje”. Yaani baada ya kichujio, barafu, maabara, na kompyuta iliyokesha ikifanya kazi, tutapewa neno alilokuwa nalo bibi yangu.

Baharini mambo ni tofauti, na mbinu hii ilipata sifa zake nyingi baharini. Chewa na changu ni majirani tu. Walitengana mamilioni ya miaka iliyopita, na kila mmoja ana herufi zake. Ukichota maji pwani ya Denmark au Mombasa, unasikiliza majirani wenye lafudhi tofauti. Ziwani kwetu wanaoongea ni ndugu wa tumbo moja, usiku, chumba kimoja. Kusema mbinu iliyofaulu kwa wale itafaulu kwa hawa kwa sababu wote ni samaki ni kosa la kawaida la kuagiza dawa bila kumpima mgonjwa.

Utaniambia: basi soma jenomu nzima badala ya kipande. Kweli, na hapo wapenzi wa DNA wanastahili heshima yao yote. Mwaka 2014 zilichapishwa jenomu za samaki watano wa jamii hii Afrika, mmoja wao akiwa Pundamilia nyererei, furu mwekundu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Mwaka 2017 uchambuzi wa jenomu ulionyesha jambo ambalo taya na meno visingelisema kamwe: nkejje wa eneo la Victoria wametokana na mchanganyiko wa koo mbili zilizokuwa zimetengana kwa muda mrefu, moja yenye nasaba upande wa Kongo na nyingine upande wa Nile ya juu. Aina 500 zilitokana na ndoa ya zamani ya wageni wawili. Ningekuwa na pesa ningelipia utafiti wa namna hiyo kila mwaka.

Lakini tazama ulifanyikaje. Kila jenomu ilitoka kwa samaki aliyeshikwa mkononi, akapewa jina na mtu anayejua. Samaki kwanza, DNA baadaye. Chupa inageuza mpangilio huo, ikitumaini kwamba orodha ya majina imeshakamilika mahali fulani. Haijakamilika. Nkejje wengi hawana jina rasmi la kisayansi mpaka leo.

Na waliotoa majina ni watu wachache sana. Humphry Greenwood, mtaalamu wa samaki, alifanya kazi Jinja miaka ya 1950, kwenye taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyoanzishwa mwaka 1947 ambayo leo ni NaFIRRI. Alikaa na samaki wake akihesabu meno, akichora fuvu, akitofautisha jamaa ambao wengine waliona ni rundo moja la chambo. Nyingi ya sampuli zake ziko London. Sangara, aliyeanza kutiwa ziwani miaka hiyo hiyo, alilipuka miaka ya 1980 akawala nkejje kiasi kwamba inakadiriwa aina kama 200 zimepotea. Kwa hiyo kuna aina ambazo tunazijua kwa sababu tu mtu mmoja mvumilivu alizitia kwenye spiriti kwa wakati.

Kisha maji yakachafuka. Nkejje jike humchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 ilionyeshwa kuwa penye maji mazito rangi hazionekani, aina zinaoana ovyo na mipaka kati yao inafutika. Hapo jina linakuwa gumu hata kwa mwenye samaki mkononi. Fikiria mwenye chupa.

Suala la nani anamiliki DNA hizi nitaligusa kwa kifupi, ingawa lina kelele zake. Zamani mgeni alihitaji kibali kuvusha samaki mpakani, na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu viumbe na vinasaba vyao, inadai nchi walikotoka ipate sehemu ya faida. Herufi za DNA hazipiti mpakani. Zinawekwa kwenye hifadhidata, na anayezitaka anazipakua popote alipo. Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025, unazitaka kampuni kubwa zinazonufaika na herufi hizo zichangie asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu iende kwa wenyeji. Kuchangia ni hiari. Wavuvi wa Kiyindi, mwalo wa huko Buikwe, wanaujua uzito wa neno hilo.

Kwa hiyo nikiombwa kuchagua, sikatai chupa. Kwa konokono wanaobeba kichocho, kwa virusi vya tilapia, kwa minofu inayouzwa kwa jina la sangara nayo si sangara, ninaitaka kesho. Hizo ni kazi ambazo swali lake ni “yupo au hayupo”, na majirani wanatofautiana vya kutosha. Kwa nkejje na kwa hesabu ya sangara, ningetoa pesa kwanza kwa mtu mwenye ubao wa kupimia urefu wa samaki na kwa kijana anayejifunza kuhesabu meno ya nkejje chini ya hadubini. Huyo wa pili ndiye ninayemhofia zaidi. Mashine ikiharibika itaagizwa nyingine. Anayeweza kutazama nkejje wawili wa kijivu na kusema hawa si wamoja huchukua miaka kumpata, na kazi yake haina picha nzuri ya kuweka kwenye ombi la ufadhili.

Pale Buikwe, vijana walipomaliza waliandika kwenye chupa tarehe, saa na mahali. Mzee alikuwa ameleta beseni la nkejje, rangi bado zinang'aa, akawauliza kama wanawataka. Walimshukuru wakasema mradi wao ni wa maji tu. Akawamwaga kwenye turubai, pamoja na mukene, wakauke.