Semenya hakuwepo, kwa hiyo?

Kuna sentensi moja nikiisikia damu inanichemka: "Nakaayi alishinda kwa sababu Semenya hakuwepo." Yaani Halimah Nakaayi, Mganda wetu aliyetwaa dhahabu ya dunia ya mita 800, na Caster Semenya wa Afrika Kusini. Juzi sentensi hiyo imemtoka kinyozi wangu hapa Kawempe, wembe ukiwa shingoni mwangu, ikabidi ninyamaze. Hapa sina wembe shingoni.

Haya, nakubali kwa shingo upande. Semenya ana 1:54.25, muda ambao Halimah hajausogelea. Na zile kanuni za homoni zilizomzuia, za kutaka wanawake wenye testosteroni nyingi ya asili waishushe kwanza ndipo wakimbie, zikawazuia pia Niyonsaba wa Burundi na Wambui wa Kenya, yaani jukwaa zima la medali za mita 800 kwenye Olimpiki ya Rio 2016, mimi nazichukia. Lakini aliyeziandika si Halimah. Mlitaka afanye nini? Asimame mstarini awaambie waamuzi, samahani, kuna mtu namsubiri?

Doha, fainali ya ubingwa wa dunia, 30 Septemba 2019. Ajee' Wilson wa Marekani, ambaye wengi walikuwa wameshamvisha dhahabu kabla ya bunduki kulia, anaongoza. Halimah yuko nyuma yake, hana papara. Wanatoka kona ya mwisho, Wilson miguu inakuwa mizito, na binti wetu anampita. Raevyn Rogers anachomoka huko nyuma kama mtu anayekimbiza boda, lakini mita zimekwisha. 1:58.04, rekodi ya taifa wakati huo, kwa tofauti ya sekunde 0.14. Hiyo ndiyo zawadi mnayosema alipewa.

Tena ngoja. Siku sita baadaye, Doha hiyohiyo, Mganda mwenzake Joshua Cheptegei akachukua mita 10,000. Mo Farah wa Uingereza, aliyemshinda London 2017, hakuwepo. Alikuwa ameshahamia marathoni. Nani alisema dhahabu ile ni nusu? Tulipiga honi mpaka usiku, na mimi nilipiga. Mwanamume akishinda, hatuiti majina ya wasiokuwepo. Mwanamke akishinda, tunageuka walimu wa darasa wenye rejesta mkononi.

Na kama alibahatisha, ile shaba ya mbio za ndani Belgrade 2022 aliiokota wapi?

Kinachoniuma zaidi ni Winnie Nanyondo. Siku ile Doha alimaliza wa nne, 1:59.18, sekunde 0.34 tu nyuma ya shaba ya Wilson. Waganda wawili ndani ya wanne bora wa dunia, wakacheza pamoja pale uwanjani. Muulize yeyote kati ya hawa mabingwa wa "angekuwepo Semenya" akutajie jina la huyo wa pili.