Cecil Rhodes na utetezi wa "zama zake"

Mjadala kuhusu Cecil Rhodes, tajiri wa almasi na mkoloni Mwingereza wa karne ya 19 kusini mwa Afrika, ukipamba moto, hakosekani wa kusema tusimpime kwa mizani ya leo, alikuwa mtu wa zama zake. Sawa. Lakini Lobengula, mfalme wa Wandebele katika Zimbabwe ya leo, naye aliishi zama hizo hizo, na alilalamika palepale.

Oktoba 1888 wajumbe wa Rhodes, wakiongozwa na Charles Rudd, walimpata atie muhuri hati ya kuwapa madini yote ya nchi yake, kwa ahadi ya bunduki 1,000, risasi 100,000 na pauni 100 kila mwezi. Kwa mdomo aliambiwa hawatakuja kuchimba Wazungu zaidi ya kumi. Ndani ya hati, ahadi hiyo haimo. Mfalme alituma manduna (wakuu wake) wawili hadi kwa Malkia Victoria, kisha akaikana hati yenyewe. Wapi! Mwaka 1889 kampuni ya Rhodes ilipewa hati ya kifalme ya Uingereza, yaani kibali cha kutawala eneo hilo, na mwaka 1893 bunduki za rashasha za Maxim zikamng'oa Lobengula.

Watetezi wa Rhodes wana hoja nzito kuliko hiyo ya zama. Wasia wake ulikataza kumnyima mtu ufadhili aliouacha wa kusoma Chuo Kikuu cha Oxford kwa sababu ya rangi, na mwaka 1907 Mmarekani mweusi, Alain Locke, aliupata. Waafrika wengi wamesomeshwa na fedha hizo, wakiwemo waliodai sanamu ya Rhodes iondolewe.

Mimi kinachonikera zaidi ni mwajiri kugeuka mtunga sheria. De Beers, kampuni ya almasi ya Rhodes, iliwafungia wachimbaji weusi kambini mpaka mkataba uishe, ikiwapekua mwili mzima. Mwenye De Beers huyohuyo akawa Waziri Mkuu wa Koloni la Rasi (Cape, Afrika Kusini), 1890 hadi 1896. Mwaka 1892 thamani ya mali aliyotakiwa kuwa nayo mpiga kura ilipandishwa kutoka pauni 25 hadi 75, na Waafrika wengi wakabaki nje. Sheria ya Glen Grey ya 1894 ikamtoza shilingi 10 mwanamume asiyekwenda kufanya kazi nje ya wilaya yake. Hayo hayakumwondoa madarakani. Kilichomwondoa ni uvamizi ulioongozwa na mtu wake, Jameson, dhidi ya Makaburu wa Transvaal, yaani Wazungu wenzake.

Simlaumu Mzambia anayepokea ufadhili huo leo. Walioichimba almasi ile ni Waafrika. Sanamu ni kesi nyingine. Chuo Kikuu cha Cape Town kiliiondoa ya kwake Aprili 2015. Oriel, chuo chake cha Oxford, kimeiacha yake ukutani, kikitaja gharama.