Bastola ya Bosi na Shukrani ya Punda

Miaka 9 nimelinda mageti Kampala na bunduki ya SMG begani. Basi bosi aliponionyesha rivolva yake mpya, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kitu chenyewe kinamezwa na kiganja! Risasi 5 tu, fremu ya aluminiamu, uzito haufiki nusu kilo. Nikamwambia, "Mzee, hii ni ya kupigia mbu."

Jumamosi akanipeleka kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji. Mwalimu, mwanajeshi mstaafu mwenye Kiswahili cha kambini, akaweka boksi mbili mezani.

"Hizi fupi ni .38, pole pole. Hizi ndefu ni .357 Magnum, Wamarekani walizitoa 1935. Hii bastola inakula zote. Anza na fupi."

"Mimi, afande? Weka ndefu."

Akanitazama, akamtazama bosi, akaweka ndefu. Akaongeza kwamba nishike juu kabisa ya mpini, nikaze. Hilo sikulisikia, nilikuwa nimeshaziba masikio (ndiyo sababu ninayoitoa mpaka leo). Nikashika chini, kama mtu aliyeshika kikombe cha chai, kidole cha mwisho kikining'inia hewani kwa kukosa pa kukaa.

Paaa!

Moto niliouona ulikuwa mkubwa kuliko bastola yenyewe. Mtutu ukageukia mbinguni, kiwiko kikakunjika, chuma kikaja kunibusu kwenye paji la uso. Kofia ikaenda zake. Ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada ikachubuka kama ndizi. Shukrani ya punda ni mateke, sawa, lakini huyu hata kumpanda nilikuwa sijampanda.

"SMG ina karibu kilo 4 na kitako cha kuegemea begani," mwalimu akasema, bila haraka. "Sehemu ya teke inaimeza yenyewe. Hii haina mwili wa kumezea. Yote inakuletea wewe."

Kisha akageuka, akajaza silinda nisione. Alichanganya risasi na maganda matupu, mchawi yule.

Nikalenga. Nikavuta triga.

Tik.

Hakuna kilicholipuka. Lakini mimi nilikuwa nimefumba macho, nimeinamisha mtutu mchangani, mabega yamefika masikioni, na nimeshapiga ukelele, "Mama yangu!" Bastola haikulia. Aliyelia ni mimi.

Bosi alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, na suruali yake ya Jumamosi.

Nikarudishwa kwenye .38 kama mtoto aliyerudishwa P.1. Njiani bosi akaninunulia rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, nikaila kwa mkono wa kushoto, akaapa hatamwambia mtu.

Jumatatu nafika getini na nundu yangu, wenzangu wote wamejipanga, wamepiga saluti:

"Jambo, Afande Mama Yangu!"