Waliokufa kwa kafyu nao wahesabiwe

Tangu Korona iingie Kenya, Machi 2020, kuna hoja naisikia vibarazani mpaka leo: mbona ajali zinaua maelfu kila mwaka na hakuna anayefunga barabara? Hesabu yenyewe si ya uongo. Mwaka ule ajali ziliua zaidi ya watu 3,900, na Korona, kwa takwimu za serikali, haikufika hata nusu yao. Bado siikubali. Matatu ikipinduka Mtwapa haiambukizi matatu ya Kilifi. Ugonjwa ukiachwa unazaana, na waliokufa walikuwa wachache kwa kuwa pia watu walijifungia. Sababu ya kufungwa ilikuwepo.

Ugomvi wangu ni jinsi tulivyofungwa. Tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku, watu walikuwa wamejaa feri ya Likoni, Mombasa, wanaiwahi saa moja ya usiku. Haijafika, polisi wakawashukia kwa virungu na gesi ya machozi. Watu walioambiwa wasikaribiane wakabanwa pamoja, wanakohoa na kufuta macho. Siku tatu baadaye, Kiamaiko, Nairobi, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao. Mwanzoni mwa Juni, IPOA, mamlaka inayowachunguza polisi, ilikuwa na malalamiko ya vifo 15.

Hao hawakusomwa kwenye takwimu za kila alasiri za Wizara ya Afya.

Wala hakusomwa mtoto wa jirani yangu. Uchungu ulimshika mamake saa tatu usiku, mwezi wa Aprili. Tukampigia dereva wa tuktuk tunayemjua. "Dada, nikikutana nao njiani nitawaambia nini?" Wa pili hakushika simu. Tukamlaza mkekani, bibi wa nyumba ya pili anamkanda mgongo, mimi nimeshika tochi ya simu mpaka mkono ukafa ganzi. Mtoto alitoka saa kumi kasoro. Hakulia.

Kuokoa uzazi kama ule hakukuhitaji kafyu iondolewe. Kulihitaji nambari moja ya simu katika kila kituo, na amri iliyotangazwa kwa sauti ileile iliyotangaza kafyu: tuktuk iliyobeba mja mzito haisimamishwi. Anayepima vifo vya Korona na vizuizi vyake aviweke vyote kwenye mizani, hata vya mkekani.

Kafyu iliondolewa 20 Oktoba 2021. Yule dereva akinipita bado anainamisha macho, nami humwamkia kwanza, kwa sababu usiku ule hata mimi ningeogopa.