Kufunga hawala hakuifilisi al-Shabaab

Siku chache baada ya shambulio la al-Shabaab, kundi la wapiganaji wa Somalia, katika Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, serikali ya Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za hawala, yaani za kutuma fedha kupitia mawakala, zilizohudumia hasa Wasomali. Ghadhabu ile ilikuwa ya haki. Nchi inayozika wanafunzi wake haina budi kufuatilia kila shilingi, na hawala, inayokwenda kwa kuaminiana, huweza kupitisha fedha chafu pasipo mtu kushtuka.

Lakini Wasomali walio ughaibuni hutuma kwao zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka: karo, dawa, maji wakati wa ukame. Vijijini hakuna benki. Wakala wa hawala yupo. Na jambo hili lilishajaribiwa. Novemba 2001 Marekani iliifungia al-Barakaat, kampuni kubwa ya hawala Somalia, na akiba za watu wasio na hatia zikakwama humo. Wachunguzi wa tume ya Marekani kuhusu mashambulio ya Septemba 11, 2001 walipopekua, hawakuona ushahidi kwamba al-Barakaat ilifadhili mashambulio yale. Waliona nini? Njama nzima iligharimu kati ya dola 400,000 na 500,000, na watekaji wa ndege walifungua akaunti katika benki za kawaida za Marekani, kwa majina yao wenyewe. Aliyefungiwa akawa mama anayesubiri dola mia moja za mwanawe.

Al-Shabaab, kwa makadirio ya Marekani, huingiza zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka, na sehemu kubwa ni ushuru. Lori likifika kwenye kizuizi chao, dereva hulipa na kukatiwa risiti ili asitozwe tena mbele. Mfugaji hutolewa mifugo kwa jina la zaka. Mwagizaji wa bidhaa bandarini Mogadishu hupigiwa simu. Kufunga duka la wakala Nairobi hakugusi hata kizuizi kimoja.

Kenya ilizirejesha leseni zile Juni mwaka huohuo, kwa masharti makali zaidi, na huo ndio mwendo ninaouunga mkono: wakala asajiliwe, akaguliwe, amtambue mteja wake. Mwaka 2022 Somalia ilisogea karibu zaidi na chanzo, ikawaonya wafanyabiashara kwamba atakayeilipa al-Shabaab atachukuliwa hatua. Hata hivyo, asiyelipa anaweza kuuawa, na serikali iliyomwonya bado haijaweza kumlinda barabarani.